Kikohozi Katika Chujio la Hewa

Kwa miaka thelathini na moja Orrin Tackett na Lyle Hoekstra waligombana juu ya jambo moja tu: gari lipumue kupitia nini.

Lyle alikuwa mtu wa karatasi. Chujio la karatasi, la kawaida, lile linalokaa kwenye sanduku lake la plastiki kama lilivyotoka kiwandani. Likichafuka unalitupa, unaweka jingine, kwisha habari. Orrin alikuwa mtu wa pamba. Lile sanduku la kiwandani alilifungua kwenye pikapu yake akalitupa jalalani, na mahali pake akafunga chujio la pamba lenye umbo la pia ya watoto, liko wazi pande zote, limekunjwakunjwa katikati ya nyavu mbili za waya. Hilo hulitupi. Unaliosha, unalikausha, unalipaka mafuta yake mekundu, linarudi kazini. Orrin alipenda kusema kwamba lilikuwa limeshadumu kuliko ndoa nyingi za pale Salt Wells.

"Hilo si chujio, ni wavu wa kuvulia tembo," Lyle alikuwa akimwambia, huku akitema maganda ya mbegu za alizeti kwenye kopo. "Vumbi lote la jangwa hili linapita humo bila kupiga hodi. Nikifa mimi, ndugu yangu, nitapita humo mzimamzima, na viatu vyangu."

"Utanasa," Orrin alimjibu. "Utanasa kama nzi kwenye asali."

Halafu Lyle anakohoa. Alikuwa na kikohozi chake, cha miaka mingi ya sigara na moshi wa karakana: kifupi, kifupi, kisha kirefu kinachomalizikia puani kama mluzi. Ungekitambua hata katikati ya umati wa watu elfu.

Lyle alikufa Alhamisi moja ya Machi, akiwa kazini, amelala chali chini ya gari la mteja. Walipomvuta nje mikono yake ilikuwa bado imeinuliwa, kama mtu anayesubiri kupewa spana.

Sasa, watu wa Salt Wells waliowahi kushindana kwa magari juu ya ziwa kavu la chumvi lililo nje ya mji hawazikwi. Wanachomwa. Majivu yanatiwa kwenye kopo la kahawa lililotobolewa matundu chini, kopo linafungwa nyuma ya gari, na rafiki wa marehemu anakimbia ile maili iliyopimwa, kutoka bendera hadi bendera, kwa kasi ileile aliyoifikia marehemu siku yake bora. Vioo vinashushwa ili marehemu aisikie injini. Ukishapita bendera ya pili unasimama, unazima, unakaa kimya ndani ya gari mpaka vumbi lote lilale, hata likichukua saa nzima. Hugeuzi gari. Hakuna anayegeuza.

Orrin aligeuza.

Aliyekuwa ameshika saa ni Verlene, mkewe, amekaa kiti cha abiria na kofia yake ya majani. "Sekunde thelathini na sita na ushee," akasoma. "Maili tisini na nane kwa saa."

Siku bora ya Lyle ilikuwa mia na kumi na mbili. Sekunde thelathini na mbili na kidogo. Kila mtu mjini aliijua hesabu hiyo kwa sababu Lyle hakumpa mtu nafasi ya kuisahau.

"Siwezi kummwaga Lyle Hoekstra kwa tisini na nane," Orrin akasema. "Atanicheka mpaka siku ya kiyama."

"Orrin, usigeuze."

"Kopo bado lina nusu, mama."

"Orrin Tackett!"

Alishageuza. Lile wingu lilikuwa bado limesimama juu ya njia, jeupe, refu, haliendi kushoto wala kulia, kana kwamba linangoja. Pikapu ikaingia ndani yake vioo vikiwa chini, na kwa muda hawakuona kitu, hata boneti. Verlene alijifunika pua kwa skafu. Orrin yeye alikuwa amefungua mdomo, anapiga kelele za kuihimiza pikapu kama vile ni farasi, na alipofika upande wa pili alikuwa na ladha ya chumvi na kitu kingine kwenye ulimi. Safari hii walipata mia na moja. Kopo likawa tupu.

"Umeridhika?" Verlene akauliza.

Orrin aliinamia usukani. Alikuwa anasikiliza injini.

*

Figo za Verlene zilikuwa zimekataa kazi miaka miwili iliyopita. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilikuwa lazima afikishwe mjini, maili sitini kutoka Salt Wells, akae saa nne kwenye mashine inayomsafisha damu. Njiani hapana nyumba ila duka moja la mafuta, halafu jangwa, halafu jangwa tena. Simu haishiki. Gari likifa katikati wakati wa joto, mtu mzima mwenye afya ana nusu siku. Verlene hakuwa na hiyo nusu siku. Wote wawili walijua hivyo, na hawakuwa na haja ya kusemezana.

Jumatatu ya kwanza baada ya Lyle kumwagwa, wakiwa maili ya ishirini, pikapu ilikohoa.

Kifupi. Kifupi. Kirefu, na mluzi mwishoni.

Orrin akapunguza mwendo. Verlene akaangalia nje dirishani kama mtu aliyeona ndege.

"Ni mafuta," Orrin akasema. "Mafuta ya wale jamaa yana maji."

"Mimi nimesema kitu?"

Walipofika pale kwenye duka, pikapu ilipoteza nguvu yenyewe, ikaserereka pembeni, ikazima mbele ya mlango. Sentimita kumi zaidi ingegonga ngazi. Kwenye dirisha la duka zilining'inia pakiti za mbegu za alizeti, za chumvi na za pilipili. Lyle hakuwahi kupita duka lile bila kusimama, hata akiwa amechelewa kwenye harusi yake mwenyewe, na kweli alichelewa.

Orrin alisubiri dakika tano, akawasha, ikawaka.

Jumatano ilikuwa hivyohivyo, ila alisubiri dakika kumi na tano. Ijumaa ilizima mara mbili: kwanza pale dukani, kisha kwenye njia panda ya kwenda ziwa kavu, na pale kwenye njia panda usukani ulikuwa umegeukia upande wa ziwa kabla Orrin hajaugusa. Walifika mjini wamechelewa saa nzima. Nesi akamtazama Verlene miguu iliyovimba, akamtazama Orrin, akasema kwa upole, "Mzee, hii siyo saluni. Huyu akikosa siku moja, moyo wake unaweza kusimama. Tafuta gari jingine."

Hapakuwa na gari jingine. Jumamosi asubuhi Orrin alibadilisha plagi, akasafisha pampu, akafungua sensa ya hewa akaifuta kwa dawa yake. Kila kitu alikigusa isipokuwa chujio. Saa nne alikwenda dukani kwa Ramona Quiroz, muuza spea, mwanamke mwenye mikono kama koleo aliyemjua Orrin tangu Orrin akiwa na nywele.

"Umelisafisha chujio?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Bado."

"Babu, unaishi kwenye bakuli la unga halafu unaniambia bado? Lete hapa, nalipuliza kwa kompresa, dakika moja."

"Pamba haipulizwi kwa kompresa, Ramona. Inachanika, inabaki na matundu."

"Basi nunua jipya. Kama lako hilo litafika wiki ijayo. La karatasi ninalo hapo juu, lakini sanduku lake ulitupa, sijui ulikuwa na haraka ya nini."

"Na hili la zamani nilifanye nini?"

"Tupa. Pipa hilo hapo."

Orrin akaliangalia pipa. Lilikuwa na makopo ya oili na nusu ya mkate wa jana. "Siwezi," akasema. "Lyle yumo ndani."

Ramona akacheka. Kisha akamwona uso, akaacha. Alimkumbuka akigeuza, mji mzima ulikuwa umesimama ukingoni mwa ziwa siku ile, umevua kofia.

"Mama Mtakatifu," akasema polepole. "Amenasa?"

"Sijafungua kuangalia."

"Basi usilioshe uani kwako, majivu yakaingia kwenye shimo la choo. Kamwoshee kulekule. Mrudishe." Akaingia ndani, akatoka na chupa ya sabuni ya chujio na kichupa cha mafuta mekundu, akamsukumia. "Na safari hii, babu, usigeuze."

*

Jumapili Verlene alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha abiria kabla Orrin hajamaliza kupakia madumu ya maji.

"Wewe unabaki."

"Nilishika saa siku ile. Nitaishika na leo."

Pikapu iliwaka mara moja bila kukohoa, ikaenda ziwani kama punda anayerudi bandani. Orrin aliweka mkono kwenye usukani kwa adabu tu.

Ziwa lilikuwa tupu. Saa sita mchana, jeupe kila upande, bila kivuli isipokuwa cha gari, na upepo umesimama kabisa. Bendera mbili za maili zilining'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Orrin alizima injini, akafungua boneti, akalegeza kibano, akalivuta chujio. Mdomo wa bomba la kuingizia hewa akaufunika kwa mfuko wa plastiki akaufunga kwa raba, maana kule hata punje moja ni adui.

Chujio lilikuwa zito. Alilibeba kwa mikono miwili. Mikunjo yote ilikuwa imejaa kitu cha kijivu hafifu, laini, si rangi ya chumvi ya pale wala ya mchanga.

"Habari, Lyle," Verlene akasema kutoka ndani ya gari.

Orrin alilinyunyizia sabuni, akangoja dakika kumi kama inavyotakiwa, kisha akaanza kumimina maji taratibu, kutoka ndani kwenda nje, upande safi kuelekea upande mchafu, ili kilichoingia kitoke kwa mlango kilioingilia. Maji yakatoka ya kijivu, yakatandaa juu ya ardhi. Dumu la kwanza likaisha. Bado kijivu. La pili. Chujio la namna ile linaoshwa kwa ndoo moja likatakata. Orrin alikuwa ameosha mengi, angeweza kufanya akiwa amelala. Dumu la tatu likaisha, la nne, na maji yalizidi kutoka mazito kama uji, wala chujio halikupungua uzito.

"Kulikuwa na nusu kopo tu," Orrin akanong'ona. "Nusu kopo la kahawa, mama."

"Lyle alikuwa mtu mkubwa," Verlene akasema.

Dumu la tano, la mwisho, likatoa tone lake la mwisho. Kijivu.

Hapo ndipo Orrin alipoelewa alipowafikisha. Chujio lililooshwa nusu ni tope, na tope lile likikauka ni saruji. Injini haitavuta hata pumzi moja. Akiwasha bila chujio, injini itakula chumvi, itakufa kabla ya kufika barabarani, maili kumi na moja. Kesho Jumatatu. Alimtazama mkewe, miguu yake ikiwa juu ya dashibodi, vifundo vimevimba kama mikate, na kwa mara ya kwanza tangu Machi akamkasirikia marehemu.

"Lyle," akaliambia lile chujio, "mimi ndiye niliyegeuza. Yeye alinikataza. Unamshikia nini mke wangu?"

Bomba lililofunikwa plastiki likakohoa. Injini ilikuwa imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Orrin. Ule mfuko ulivimba mara moja, mara mbili, kisha ukavimba kwa muda mrefu ukalia mluzi.

Verlene alishuka. Alitembea mpaka mbele ya gari akiwa ameshika ile chupa yake ndogo, maji aliyopimiwa na daktari, nusu lita kwa siku nzima, asizidishe. Hakuwa ameyagusa.

"Hayo ni yako," Orrin akasema.

"Ndiyo, ni yangu kutoa. Natoa." Akainama, akamimina mwenyewe. "Haya, mzee Lyle. Chumvi imetosha. Teremka."

Maji yakatoka kijivu, yakatoka hafifu, yakatoka meupe, yakatoka safi kama ya kunywa. Chujio mikononi mwa Orrin likawa jepesi, karibu limponyoke.

Wakatazama chini. Yale maji yote hayakusambaa ovyo. Yalikuwa yamejikusanya, na juu ya ardhi nyeupe pakawa na umbo lenye unyevu: mtu mrefu amelala chali, magoti yamekunjwa kidogo, mikono yote miwili imeinuliwa, kama mtu aliye chini ya gari anasubiri kupewa spana.

Jua la pale linakausha haraka. Umbo lilianza kupauka miguuni, likapauka kiunoni, kifuani, mwisho mikononi. Likawa unga. Na upepo, ambao haukuwapo tangu asubuhi, ukanyanyuka nyuma yao.

"Saa," Orrin akasema. "Verlene, saa!"

Alikuwa ameshabonyeza. Ule unga ulisimama wima, ukainama mbele, ukapita bendera ya kwanza na kuipiga kofi, ukaenda. Ulikwenda mnyoofu. Haukutanuka kama vumbi linavyotanuka. Ulikwenda mwembamba, chini, na sauti yake ilikuwa ya injini ya zamani ya silinda nane iliyotiwa gia ya mwisho. Mbali kule bendera ya pili ikaruka. Verlene akabonyeza tena.

"Sekunde thelathini na mbili," akasoma. "Na kidogo."

Orrin alivua kofia.

Walikaa kimya mpaka vumbi likalala lote. Hawakugeuza. Chujio lilikauka kivulini chini ya gari kwa saa mbili, maana kulianika juani kunaharibu pamba, kisha Orrin akalipaka mafuta mstari mmoja kwa kila mkunjo, bila kuzidisha, akangoja mpaka rangi nyekundu ikaenea sawasawa pasibaki doa jeupe. Kabla ya kulirudisha alichukua leso nyeupe ya Verlene, akaizungusha ndani ya bomba, kule nyuma ya chujio ambako vumbi lililopita hujificha. Ilitoka nyeupe. Akaigeuza upande wa pili. Nyeupe.

"Umeona?" akaliambia lile ziwa kwa sauti. "Hukupita! Miaka thelathini na moja unanibishia. Hata punje!"

"Mwache apumzike," Verlene akasema.

*

Jumatatu pikapu ilikwenda kama maji. Ilipita duka bila kupepesa, ikapita njia panda, ikafika mjini robo saa kabla ya wakati. Verlene alikaa saa zake nne, akatoka na rangi usoni. Nesi akamgonga Orrin begani. Wakati wa kurudi Orrin aliendesha kwa kidole kimoja, anaimba, tena vibaya.

Kama maili mbili kabla ya duka, akasikia.

Kifupi. Kifupi. Kirefu, na mluzi.

Akasimama palepale barabarani. Akafungua boneti, akaweka sikio. Injini ilikuwa inanguruma laini kama paka aliyeshiba. Akaizima, akasubiri kwenye ukimya wote ule wa jangwa.

Kifupi. Kifupi. Kirefu.

Hakikutoka mbele. Kilitoka ndani ya gari.

Orrin alitembea mpaka mlango wa abiria, na miguu yake haikuwa na haraka. Verlene alikuwa anajifuta midomo kwa ile leso nyeupe. "Vumbi tu," akasema.

Hapo ndipo Orrin alipokumbuka kwamba gari lina pua mbili. Moja ni ya injini. Nyingine ni ya abiria, na nayo ina chujio lake, nyuma ya kisanduku cha dashibodi. La pikapu ile alilifunga Lyle mwenyewe, kiangazi kilichopita, zawadi kwa Verlene ili asipate taabu na vumbi. Karatasi. Bora kuliko zote, alisema, na alikataa hata kushukuriwa.

"Samahani, mama," Orrin akasema, akafungua kisanduku mbele ya magoti yake, akakitoa, akaingiza mkono, akalivuta lile chujio nje kwenye jua.

Lilikuwa jeupe. Jeupe kama siku lililonunuliwa. Baada ya kiangazi kizima, na majira ya upepo, na lile wingu, halikuwa limeshika kitu chochote; yote yalikuwa yamepita kwenda kwa abiria.

Alilishikilia kwa muda. Kisha akalirudisha mahali pake, kwa uangalifu, akafunga kisanduku.

"Orrin," Verlene akasema, akitazama barabara mbele, "tukifika pale dukani usipite. Tangu asubuhi nina hamu ya mbegu za alizeti."

Katika miaka arobaini na minne ya ndoa Verlene hakuwahi kula mbegu za alizeti. Alisema ni chakula cha kasuku.

Orrin alizunguka, akakaa nyuma ya usukani, akawasha gari.

"Za chumvi," akauliza, "au za pilipili?"

"Za pilipili," akasema, kisha akafikiri kidogo, akamgusa mkono kama alivyokuwa akimgusa siku zote. "Lakini zisizo na chumvi, mpenzi. Unamjua nesi wangu alivyo na mdomo."